Pointi Nne za Mzee Sifuri

Barua ya kamera ilifika Jumatatu asubuhi, na ilipogonga saa tano hakuna mtu katika shule ile ya udereva aliyekuwa akimsemesha mwenzake kwa wema.

Ilikuwa karatasi moja tu yenye picha ya makalio ya gari. Gari jeupe, namba zinasomeka, kibao cha L kimesimama juu ya paa. Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kilomita themanini na tatu kwa saa mahali pa hamsini. Adhabu, pointi nne. Mwenye gari anatakiwa afike mbele ya ofisa wa pointi ndani ya siku kumi na nne na kumtaja aliyekuwa akiendesha.

Aliyeifungua ni kaka mtu, maana yeye ndiye aliyekaa ofisini, nyuma ya meza yenye kioo, akiandikisha wanafunzi na kugawa saa za mazoezi. Aliisoma mara mbili, akavuta daftari la gari, akalifungua kwenye Alhamisi, kisha akamwita dada yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata wa kumtwisha.

"Taratibu! Hebu njoo."

Hilo halikuwa jina lake. Wanafunzi walimbandika miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu ya neno alilolitoa mdomoni mara mia kwa siku, na likamganda hata mama yake mzazi akaacha kumwita jina la kuzaliwa. Aliingia na chaki mkononi. Kaka yake akamgeuzia daftari na kuliwekea kidole.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Basi hongera. Umepata nne."

Hapa lazima nieleze habari ya daftari, maana ndilo lililowagombanisha. Kila gari la shule lilikuwa na lake. Mwalimu akirudi na mwanafunzi anaandika siku, saa, jina la mwanafunzi, anasaini. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini katika shule ile walimu walisaini wiki nzima Jumatatu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi kwa mkupuo mmoja, chai mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia. Aliyeanzisha mtindo huo ni mwenye shule mwenyewe, baba yao, aliyekuwa hapendi kuona mwalimu anahangaika kutafuta kalamu huku mwanafunzi anasubiri juani. Miaka thelathini walifanya hivyo na hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo Taratibu alikuwa amesaini Alhamisi siku tatu kabla Alhamisi haijafika, na Alhamisi ilipofika hakutoka na gari kabisa. Kulikuwa na mtihani wa nadharia. Tangu saa nne hadi saa sita alikuwa amesimama mbele ya darasa, na msimamizi aliyetumwa na ofisi ya leseni ameketi pembeni akipiga miayo.

"Wewe unajua nilikuwa darasani," alisema.

"Najua."

"Ufunguo ulimpa nani?"

Kaka yake akatazama feni. "Unajua nilimpa nani."

Alijua. Na alijua pia hesabu yake, kwa sababu mtu mwenye pointi tisa halali bila kuzihesabu. Si kwamba alikuwa dereva mbovu. Mwalimu wa udereva hubeba dhambi za watu wengine: ndani ya gari la mafunzo anayehesabiwa dereva ni yule aliyekaa kiti cha mwalimu, mwenye breki ya pili miguuni, hata kama usukani umeshikwa na fundi cherehani ambaye juzi tu hakujua klachi ni nini. Tatu alizipata kwa mwanafunzi aliyeona taa nyekundu akafumba macho. Nne kwa bibi mmoja aliyekatiza kwenye kivuko huku akiwapungia mkono waenda kwa miguu, akidhani wamesimama kumsalimia. Mbili za mstari wa katikati. Zikifika kumi na mbili leseni inachukuliwa mwaka mzima, na bila leseni hakuna kufundisha. Tisa na nne ni kumi na tatu. Kazi pekee aliyoijua na kuipenda ilikuwa imelala pale juu ya kioo cha meza, na kaka yake ameikalia na kiwiko.

Alitoka uani bila kuifuta chaki.

Baba yao alikuwa kati ya koni za plastiki, akimkaripia mama mmoja aliyeshindwa kurudisha gari nyuma. Watu walimwita Mzee Sifuri, na kinyume na unavyodhani, jina hilo alilipenda kuliko shikamoo. Miaka arobaini barabarani, pointi sifuri. Aliitaja sifuri yake kwa wanafunzi wapya kabla ya kutaja jina lake, aliitaja msibani, aliitaja kwa kinyozi. Jumamosi ya wiki iliyofuata, umoja wa shule za udereva ulikuwa unamvisha nishani kwa ajili ya sifuri hiyo, mbele ya watu mia mbili na mpiga picha.

"Baba, naomba tuzungumze."

"Zungumza."

"Pembeni."

"Sina siri na mtu."

"Haya. Alhamisi ulitoka na gari."

"Gari ni langu. Kadi ina jina langu."

"Umepigwa picha na kamera. Themanini na tatu, mahali pa hamsini."

Mzee hata hakupepesa. "Kuna mpuuzi mmoja wa pikipiki alinipita. Akanipita, akageuka, akacheka. Ulitaka nifanye nini?"

"Upunguze mwendo. Si ndivyo unavyofundisha?"

"Nafundisha wanafunzi. Mimi si mwanafunzi."

Yule mama ndani ya gari akaanza kupandisha kioo, polepole, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

Taratibu alijitahidi kushusha sauti. "Sawa. Basi nenda kwa ofisa, useme ni wewe. Nne tu, baba. Wewe una sifuri. Ukiwa na nne hakuna trafiki atakayekutazama mara mbili, na baada ya miaka miwili zinafutika. Mimi zinanivua leseni."

"Na Jumamosi ijayo nitavaa nini kifuani? Nne?"

"Baba, ni kazi yangu."

"Daftari linasema nani alikuwa na gari?"

"Unajua linavyosema, na unajua kwa nini."

"Linasema wewe. Kwa mkono wako. Mimi nilikushika mkono?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kusaini wiki nzima!"

"Nilikufundisha mambo mengi," alisema Mzee Sifuri, akainama kuisimamisha koni iliyoanguka. "Mengi hukuyashika. Hili moja umelishika, ndilo unalonilaumia."

Akampa kichogo, akagonga kioo cha gari na kumwambia yule mama arudi nyuma tena, na safari hii atumie macho. Taratibu akabaki pale, masikio yanawaka moto. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na alitaka kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu na mtu mzima, na jambo hilo lilimkasirisha kuliko hata pointi zenyewe.

Jumanne jioni alikwenda kwa mama yake. Alimkuta chumbani akipiga pasi koti la nishani, kitambaa kibichi juu ya bega la koti, mvuke umejaa.

"Mama, sema naye. Wewe anakusikiliza."

"Tangu lini?"

"Sema naye tu."

"Niseme nini? Saini, mwanangu. Mambo yaishe."

"Unajua nina tisa?"

Mama yake akanyanyua pasi, akaitazama chini yake kana kwamba kuna kitu kimenata. "Mimi nilikuwa na mbili," alisema. "Za kuegesha vibaya. Nyingine zote zake."

Taratibu hakuelewa mara moja. Tangu utotoni alijua kwamba mama alikuwa na leseni zamani na akanyang'anywa kwa uendeshaji wa hovyo. Ilikuwa hadithi ya mezani. Wageni wakija, baba aliisimulia: kwamba mkewe aliona kibao cha hamsini barabarani akadhani ni bei ya vitunguu. Wageni walicheka mpaka wakapaliwa. Mama naye alicheka, akaenda jikoni kuongeza maji ya chai.

"Zake vipi?"

"Zake. Alikuwa anafungua shule. Nani angemleta mwanawe kwa mwalimu mwenye pointi? Gari lilikuwa kwa jina langu wakati ule, barua zikawa zinakuja kwangu. Ya kwanza akaniambia ni moja tu. Ya pili hakuniambia kitu, aliniletea kalamu. Zikajaa."

"Na baada ya mwaka hukurudishiwa?"

"Nilirudishiwa nini? Ilitakiwa nifanye mtihani upya. Akasema nyumba moja, dereva mmoja anatosha." Akarudisha pasi kwenye koti na kuikandamiza. "Na nilikuwa namshinda. Muulize. Hatasema, lakini muulize. Nilikuwa naingiza gari mahali ambapo yeye anashuka kwanza akaangalie."

Taratibu akakaa kitandani. Huruma ilimjaa mpaka akanyoosha mkono kumgusa mama yake, na hapo ndipo mama alipomgeukia, uso umebadilika.

"Usinitazame hivyo! Sijakuambia ili unionee huruma. Nimekuambia ujue. Mimi nilisaini, nikanyamaza, nikawapikia wageni walionicheka. Sasa wewe una nini cha ajabu? Wewe umeumbwa kwa udongo gani hata usiweze kusaini mara moja?"

"Mama..."

"Toka. Nitaunguza koti."

Akatoka. Njiani alichanganua maneno yale, na kadiri alivyoyachanganua ndivyo yalivyomchoma. Mama hakuwa akimtetea baba hata kidogo. Alikuwa akiitetea sahihi yake mwenyewe. Binti akikataa na mambo yakamnyookea, basi mama naye angeweza kukataa, na miaka yote ile ya kucheka na wageni haikuwa na sababu. Taratibu aliliona hilo waziwazi, akamwonea mama yake uchungu, na wakati huohuo akamchukia kidogo, na hakujua afanye nini na viwili hivyo kwa pamoja.

Siku zilizofuata shule ilikuwa na baridi ya kukata mifupa, na haikuwa hali ya hewa. Wanafunzi wake walihamishiwa kwa walimu wengine bila yeye kuulizwa. Jina lake lilifutwa ubaoni kwa kitambaa, si kwa kifutio, ili alama ya kufutwa ionekane. Baba yake alipita karibu naye mara saba kwa siku na mara saba akawa anatafuta kitu mfukoni. Jumatatu ilipofika, walimu wote walipanga mstari na chai zao wakasaini wiki nzima kama kawaida, na yeye peke yake akaacha mistari yake mitupu. Hapo ndipo kaka yake alipomfuata kwenye chumba cha nadharia na kufunga mlango.

"Unajifanya nini?"

"Sijifanyi. Sisaini siku ambazo hazijafika."

"Sasa hivi ndiyo umeokoka?" Akakaa juu ya dawati la mwanafunzi, likalia. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukienda kwa ofisa ukasema hukuwa garini, atauliza kwa nini sahihi yako ipo. Utasema tunasaini kabla. Atauliza wote? Utasema wote. Walimu sita watamwaga unga kwa ajili ya mdomo wako. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Baba je, amelifikiria?"

"Baba ni baba."

"Hilo si jibu."

"Utakaa ofisini mwaka mmoja, basi. Utapokea simu, utajibu barua. Mbona mimi nakaa?"

"Wewe unakaa kwa sababu huna leseni."

Ilikuwa kweli, na haikuwahi kusemwa kwa sauti ndani ya majengo yale. Kifungua mimba wa Mzee Sifuri, meneja wa shule ya udereva, alifeli mtihani wa barabarani mara tatu, mara ya tatu kabla hata gari halijatoka kwenye lango. Baada ya hapo alitangaza kwamba anapenda zaidi kazi ya utawala.

Uso wa kaka ukavimba. Akashuka kwenye dawati. "Nimeshamwambia baba kwamba umekubali," alisema.

"Nani alikutuma?"

"Lazima mtu mmoja awe na akili katika familia hii. Alhamisi saa tatu, ofisi ya pointi. Mzee ataandika, wewe utasema ndiyo, tutarudi nyumbani. Na usije ukamtia aibu siku mbili kabla ya nishani yake."

Taratibu hakumjibu. Kaka yake akaichukulia kuwa ni ndiyo, maana katika nyumba ile mwanamke akinyamaza huhesabiwa amesaini.

Alhamisi walikwenda wote watatu kwa gari lilelile jeupe, Mzee Sifuri kwenye usukani. Alivaa koti lililopigwa pasi. Ofisi ya pointi ilikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, mtu mmoja akitikisika wote mnatikisika. Namba yao ilipoitwa waliingia kwenye kijichumba cha mwisho, ambako ofisa, mwanamke mwembamba mwenye mafua makali, alikuwa na kompyuta mbele yake na rundo la karatasi za kufutia pua pembeni. Hakuwa na subira ya kumgawia mtu.

"Mwenye gari nani?"

"Mimi," alisema Mzee Sifuri, akalaza leseni yake mezani, uso juu, ili ile sifuri isimpite mtu. Kaka mtu akaweka daftari la gari pembeni yake.

Ofisa hakuitazama. Alisukuma fomu. "Andika jina la aliyekuwa akiendesha, weka sahihi yako. Soma maelezo ya chini kabla ya kusaini."

Mzee akacheka kidogo. "Binti, fomu hizi nimezijaza kabla hujazaliwa."

"Hizo zilibadilishwa mwaka jana," alisema ofisa, akapenga kamasi.

"Karatasi ni karatasi."

Miwani yake ilikuwa mfuko wa ndani wa koti. Taratibu aliijua mahali ilipo, na alijua pia kwamba baba yake hajawahi kuivaa mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Maelezo ya chini yalikuwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, mistari minne, na yeye hakuhitaji kuyasoma kwa sababu alikuwa akiyafundisha kila Jumanne, somo la sita. Anayemtaja dereva kwa uongo hupewa pointi nane, zaidi ya zile za kosa lenyewe. Kila mara alipolifundisha somo hilo kulitokea mwanafunzi akauliza ni mjinga gani anayeweza kufanya hivyo, na darasa zima likacheka.

Nne na nane. Alizijumlisha mara moja tu.

Sentensi ilikuwa mdomoni mwake, fupi kabisa. Baba, soma chini. Ilifika kwenye meno ikasimama. Mzee Sifuri alitoa kalamu yake ya wino, akafungua kifuniko, akakiweka mezani sambamba na leseni. Kisha, bila kumtazama, akamuuliza:

"Jina la mwisho unatumia la mumeo au langu?"

"Lako," alisema Taratibu.

Akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kila herufi na mkia wake, mwandiko wa mtu aliyewahi kuandika cheti cha kila mwanafunzi aliyefaulu. Katikati ya jina mkono wake ulisimama. Taratibu alidhani sasa ameona, sasa amefikiria, sasa ataiweka kalamu chini. Mzee akaitikisa kalamu mara mbili kwa sababu wino ulikuwa unakwama, akaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akaendelea mpaka mwisho. Akasaini. Akafunga kifuniko.

Sentensi ile Taratibu aliimeza, na haikumkwama kooni kama alivyotarajia.

Ofisa akamgeukia. "Wewe ndiye uliyetajwa? Unakubali kwamba ulikuwa ukiendesha?"

"Sikubali."

Kaka yake akakohoa. Baba yake hakugeuka, lakini shingo ilikakamaa.

"Siku hiyo saa nne hadi saa sita nilikuwa darasani," alisema Taratibu. "Ulikuwa mtihani wa nadharia, na msimamizi alitoka ofisi ya leseni, hapo juu kwenu. Aliandika jina langu kwenye ripoti yake. Nilimwona akiandika."

Ofisa akagonga vitufe vya kompyuta, akasubiri, akagonga tena. Akapenga kamasi. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Umo. Sasa kwenye daftari la gari kuna sahihi yako."

"Niliiweka Jumatatu. Pale kwetu tunasaini wiki nzima kabla. Nami nilisaini. Hilo ni kosa langu, nalikubali."

"Unajua kwa kosa hilo kibali chako cha kufundisha kinasimamishwa miezi mitatu?"

"Najua."

"Na shule inapewa onyo, na madaftari yote yanakaguliwa?"

"Najua."

Mzee Sifuri akasimama. Kiti kilirudi nyuma kikagonga ukuta. "Huyu mwongo!" alisema. "Mtazame kwenye hiyo mashine yako. Ana pointi tisa. Mimi miaka arobaini nina sifuri. Nimemfundisha mwenyewe, tangu siku ya kwanza hakuwa dereva. Sasa kati yetu sisi wawili utamwamini nani?"

Maneno hayo yalimwingia Taratibu mpaka ndani. Miaka kumi na minne alikuwa akingoja baba yake aseme kitu kuhusu udereva wake, na leo amekisema.

"Mimi namwamini msimamizi wangu," alisema ofisa. "Kaa chini, mzee. Nani anatunza funguo za magari?"

Ofisa akamtazama kaka mtu, ambaye alikuwa amejikunyata kitini akijitia hamnazo. "Wewe?"

"Mimi, ndiyo, lakini..."

"Kama huyu alikuwa darasani, na mzee anasema si yeye, basi gari uliliendesha wewe? Una leseni?"

Sijui kama umewahi kumwona mtu akimgeuka mzazi wake. Huwa haichukui muda. Kaka aliruka kama aliyekalia sindano. "Baba!" alisema. "Nilimpa baba! Alisema anakwenda kumwona fundi wa koti, na ufunguo nilimpa mkononi, na mimi sijawahi kugusa usukani, wallahi, muulize mtu yeyote!"

Ofisa hakuuliza mtu mwingine. Akaanza kuandika, akisema maneno kwa sauti ya uchovu. "Mwendo wa kasi, nne. Kumtaja dereva kwa uongo, nane. Jumla kumi na mbili." Akaivuta ile leseni iliyokuwa mezani tangu walipoingia. "Hii inabaki hapa."

"Nane za nini?" alisema Mzee Sifuri.

Ofisa akaigeuza fomu, akaweka kidole chini.

Mzee aliinama. Akarudisha kichwa nyuma, akakisogeza mbele, akafinya macho. Ilibidi aingize mkono mfuko wa ndani, atoe miwani, aivae mbele ya watu. Alisoma mistari minne ile taratibu, midomo ikicheza, na alipofika mwisho akarudia tena mwanzo. Ofisa alikuwa amekwisha kuvuta droo na kuitumbukiza leseni ndani, juu ya leseni za watu wengine, akaita namba inayofuata.

Nje, kaka alikuwa amekwisha kuyeyuka. Alisema anatafuta choo, na hakuonekana tena siku ile. Baba na binti walitembea hadi kwenye gari, na walipofika wakasimama kila mtu upande wake. Mzee akatoa ufunguo. Akautazama, akautazama mlango wa dereva, kisha akauweka juu ya bodi ya gari na kuusukuma kuelekea kwa Taratibu, maana kumkabidhi mkononi kulimshinda.

Taratibu akaingia, akawasha, akafunga mkanda, akasubiri. Ilipita dakika nzima kabla mlango wa nyuma haujafunguka. Baba yake alikaa nyuma, upande usiokuwa na kioo cha kumwonyesha uso. Walitoka kwenye maegesho, wakapita taa za kwanza, wakapita za pili. Alimsikia akihema. Kwenye taa za tatu, nyekundu, ndipo aliposema.

"Ulijua."

"Nini?"

"Yale ya chini."

"Nayafundisha kila Jumanne."

"Ulikaa pembeni yangu unajua." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, au kwa kitu kingine ambacho hakuwa na mazoea nacho. "Ungesema neno moja tu, ningeacha. Mwanangu wa kumzaa! Kwa nini hukunizuia?"

Taa ikabadilika. Nyuma yao mtu akapiga honi.

"Ulikuwa unaandika jina langu, baba," alisema Taratibu, akaingiza gia. "Nilitaka nione kama utafika mwisho."